OMG ya Mwaka 1917 na Kalamu Nyekundu ya Kidato cha Tatu

Nilikuwa kidato cha tatu, mwaka 2006, siku mwalimu wetu wa Kiingereza aliponisimamisha mbele ya darasa akiwa ameshika insha yangu. Ilikuwa barua ya kirafiki, ya kumwalika mwenzangu aje kwetu likizo. Mahali pawili nilikuwa nimeandika "u" pale panapotakiwa "you", na mahali pamoja "b4" badala ya "before". Aliisoma kwa sauti, taratibu, kama karani wa mahakama anayesoma mashtaka. Darasa lilicheka mpaka wa darasa la jirani wakachungulia. Halafu akanirudishia daftari na kusema: "Nyie watoto wa simu mtaiua lugha ya watu."

Lugha ya watu. Nimekaa na maneno hayo miaka mingi. Yaani siyo yangu, ina wenyewe, mimi nimeazimwa tu kama jembe la jirani na nimelirudisha limevunjika mpini.

Na simu yenyewe haikuwa hata yangu. Nyumbani ilikuwepo moja, Nokia 1100 ile yenye tochi, na ilikuwa ya mama. Mimi nilikuwa karani wake: yeye anatamka, mimi nabonyeza. Alikuwa mkali kwa jambo moja tu, kwamba ujumbe usizidi meseji moja. "Fupisha hapo, ikifika ya pili wanakata tena." Kwa hiyo kosa lililonichekesha darasani, nyumbani ndilo lililokuwa utii.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshasoma chuo na kuingia kwenye uandishi wa habari, nilianza kuwatafuta hao watu wenye lugha yao, nione wao waliitunzaje.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa mzee wa miaka 76. Lord Fisher, admirali aliyewahi kuliongoza jeshi la majini la Uingereza, alimwandikia barua Winston Churchill tarehe 9 Septemba 1917, vita vikiwa vimepamba moto. Katika barua hiyo alitania kwamba amesikia kuna nishani mpya ya heshima iko njiani, akaipa jina la herufi tatu: O.M.G. Na kwa kuwa mwenzake asingeweza kubahatisha, akamfafanulia hapohapo kwenye mabano kwamba ni "Oh! My God!". Huo ndio ushahidi wa zamani kabisa wa OMG uliomo katika kamusi kubwa ya Oxford. Kamusi iliiingiza Machi 2011, sambamba na LOL, na wako waliosema sasa kweli watoto wa simu wameshinda. Kumbe aliyetangulia alikuwa mzee wa manowari. Sijasikia popote kwamba alisimamishwa mbele ya darasa.

Baada ya Fisher nikarudi nyuma zaidi, na kadiri nilivyorudi ndivyo nilivyozidi kucheka.

Chukua neno ambalo huenda ndilo Kiingereza kinachotamkwa na watu wengi kuliko maneno yake yote: OK. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post kule Marekani lilichapisha "o.k." kama mzaha. Wahariri na vijana wa mjini siku hizo walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno, tena baada ya kuyakosea tahajia makusudi. "All correct" ikawa "oll korrect", ikawa o.k. Vifupisho vingi vya mchezo ule vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook, wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook, wakapiga kampeni kwa herufi hizohizo mbili. Van Buren alishindwa uchaguzi. Herufi zikabaki. Bibi yangu, ambaye hajasoma Kiingereza hata siku moja, akimaliza kuongea na simu husema "oke" na kukata.

Halafu yupo Jonathan Swift, huyuhuyu wa Safari za Gulliver. Septemba 1710 aliandika katika jarida la Tatler akilalamika kwamba watu wa London wanayakata maneno na kuyaacha bila mkia. Miongoni mwa aliyoyashitaki ni "pozz", iliyotokana na "positive", "rep", iliyotokana na "reputation", na "mob", iliyokatwa kutoka maneno ya Kilatini "mobile vulgus". Miaka miwili baadaye, 1712, akachapisha pendekezo la kuundwa kwa chombo cha kuisahihisha lugha na kuisimamisha isibadilike tena. Chombo hakikuundwa. "Pozz" ilijifia yenyewe. Lakini "mob"? Mimi binafsi nimeandika "mob justice" kwenye habari za Kiingereza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kila kibaka alipouawa na wananchi wenye hasira kali. Hakuna mhariri aliyewahi kuniambia kwamba natumia kifupisho cha wahuni wa karne ya 18.

Kuna kitu kingine kuhusu Swift ambacho nilipokijua nilimsamehe kabisa. Mwezi uleule wa Septemba 1710 alianza kumwandikia mfululizo wa barua rafiki yake wa kike, Esther Johnson, ambaye yeye alimwita Stella. Barua hizo zimejaa lugha ya kideka, maneno yaliyokatwakatwa na herufi za siri, "MD" huku, "Pdfr" kule, mpaka wasomi wamekesha kuzifumbua. Mchana analalamikia vifupisho gazetini, usiku anaandika meseji. Tofauti ni kwamba yeye alijua ipi ni ya wapi. Hilo nitalirudia.

Kabla ya Swift hadithi ni ileile, nitaipitia haraka. Waandishi wa miswada ya kale Ulaya, walioandika kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama, walikuwa wakiacha "m" au "n" na kuweka kistari juu ya irabu. Alama ya "&" ni "et" ya Kilatini iliyokunjwa ikawa kifundo. Watu wenye heshima zao katika karne ya 17 na ya 18 waliandikiana barua zilizojaa "wch" kwa "which" na "yr" kwa "your". Mwaka 1867 Mmarekani Charles Bombaugh alichapisha mkusanyo wa michezo ya lugha, na humo mna shairi zima la kimzaha ambalo "you" imeandikwa U na "to" imeandikwa 2. Simu ya mkononi ilikuwa bado miaka zaidi ya mia moja.

Kinachoonekana kila mahali ni gharama. Ngozi ilikuwa ghali, wakafupisha. Telegrafu nayo ilipokuja ililipiwa kwa neno, na hapo fani yangu mwenyewe inaingia kizimbani. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar na kuendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Pwani yetu ikaunganishwa na London kwa nukta na vistari, na kila neno lina bei. Mwaka huohuo, Marekani, mwandishi wa habari Walter Phillips alitoa kitabu cha vifupisho vya kupeleka habari kwa telegrafu. Humo ndimo ilimotoka SCOTUS, kwa maana ya Mahakama ya Juu ya Marekani, na toleo la 1895 likaleta POTUS, kwa maana ya Rais wa Marekani. Leo wachambuzi wa televisheni huyatamka kwa uzito kama maneno ya kikatiba, kumbe ni meseji za waandishi waliokuwa wanabana matumizi. Waandishi wa magazeti waliokuwa nje walifika mbali zaidi. Walibandika viambishi mbele na nyuma ya maneno ili mawili yawe moja, mpaka Evelyn Waugh, aliyetumwa Ethiopia mwaka 1935 kuripoti vita, akaigeuza lugha hiyo kuwa kichekesho katika riwaya yake Scoop ya 1938.

Simu ya mama ilirithi mkoba huohuo. Kule Bonn, mwaka 1985, mhandisi Friedhelm Hillebrand alikaa kwenye mashine yake ya chapa akaandika sentensi za kawaida na maswali ya kawaida, akahesabu herufi, akaona karibu zote hazizidi 160. Ndiyo ikawa kipimo cha meseji. Tarehe 3 Desemba 1992 kijana wa miaka 22, Neil Papworth, akatuma salamu za Krismasi kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu ya mkubwa mmoja wa Vodafone. Hakufupisha. Aliandika maneno mawili kamili. Hakuwa analipia vocha.

Sisi tuliolipia vocha tulifanya maajabu yetu, na hapa naomba nichepuke kidogo kwa sababu jambo hili halinichoshi. Angalia jinsi tulivyoandika Kiswahili: "mambo vp", "cjui", "2taonana", "ucjali". Ili "vp" isomeke "vipi" lazima uzitaje herufi kwa majina ya Kiingereza, vii na pii. "C" inakuwa "si" kwa njia hiyohiyo, na "2" inakuwa "tu" kwa sababu ya "two". Kumbe kijana wa Mbagala aliyeambiwa hajui Kiingereza alikuwa akiandika Kiswahili ambacho hakisomeki bila Kiingereza. Tena "c" peke yake haimo katika alfabeti ya Kiswahili, wala "x" ya "xaxa". Nani alitufundisha? Hakuna. Tulifundishana.

Hofu nayo ilikuwa ya dunia nzima. Septemba 2007, mtangazaji maarufu wa Uingereza, John Humphrys, aliandika katika Daily Mail makala kali akiwafananisha waandika meseji na Genghis Khan, kwamba wanaifanyia lugha kile ambacho yeye aliwafanyia majirani zake. Kilichomchoma hasa ni toleo jipya la kamusi ya Shorter Oxford, lililoondoa kistari katika maneno kama elfu 16 yaliyokuwa yakiandikwa nacho. Mtu mzima kulilia kistari! Mwaka uliofuata mwanaisimu David Crystal alitoa kitabu kizima juu ya ugomvi huo, Txtng: The Gr8 Db8, akionyesha kwamba vifupisho ni sehemu ndogo tu ya maneno yaliyomo kwenye meseji, na kwamba vingi vilikuwepo zamani. Na Coventry, mwaka 2009, Beverly Plester na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto 88 wa miaka 10 hadi 12. Waliotumia vifupisho zaidi walielekea kuwa wasomaji bora, si wabovu. Ukifikiria inaeleweka. Huwezi kukata neno "before" likawa "b4" kama huzijui sauti zake.

Nilipousoma utafiti huo nilitaka kumtafuta mwalimu wangu nimtumie. Sikumtumia, na ngoja niseme kwa nini, maana hapa sikubaliani kabisa na wanaosema vifupisho havina neno popote.

Watoto wale wa Coventry wanaota ndoto kwa Kiingereza. "You" wameisikia tumboni mwa mama zao. "U" kwao ni vazi la nyumbani, na la kutokea wanalo kabatini. Mimi nilisoma msingi kwa Kiswahili, nikaingia kidato cha kwanza nikaambiwa kuanzia leo biolojia, jiografia na hesabu ni kwa Kiingereza. Kiingereza kilichoandikwa nilikutana nacho mahali pawili: ubaoni na kwenye simu. Mwanafunzi ambaye ameiona "because" mara thelathini na "coz" mara elfu tatu hafupishi kitu, anaandika neno analolijua. Swift alikuwa na kabati mbili. Mwalimu wangu aliona sina la pili, na alikuwa sahihi. Alichokosea ni kudhani kwamba simu ndiyo iliyoliiba.

Halafu kuna misimu ya mtaani, ambayo watu huichanganya na vifupisho kana kwamba ni kitu kimoja. Si kimoja. "U" ni neno lilelile limevua viatu, maana haijabadilika hata kidogo. Misimu inaleta maneno mapya na maana mpya, na hiyo ndiyo imekuwa ikikibadilisha Kiingereza sanifu kwa kweli, kimyakimya, wakati walinzi wa mlango wanakagua tahajia. "Cool" kwa maana ya kitu safi ilitoka kwa Wamarekani weusi wa muziki wa jazi, leo inasemwa na mawaziri.

Lakini neno linapita au linazuiwa kutegemea limebebwa na nani. Mwaka 2013 shule moja ya kusini mwa London ilibandika orodha ya maneno yasiyoruhusiwa, yakiwemo "innit" na "bare" kwa maana ya kitu kingi. Ni maneno ya Kiingereza kile kipya cha London ambacho wanaisimu kama Jenny Cheshire na Paul Kerswill wamekichunguza, kilichopikwa na watoto wa Kijamaika, Kibangladeshi, Kinaijeria na wa Kizungu wanaocheza uwanja mmoja. Vijana weusi wa London na wa Marekani huchekwa pia kwa kutamka "aks" badala ya "ask". Fungua Chaucer, baba wa ushairi wa Kiingereza, utaikuta. Fungua Biblia ya Coverdale ya mwaka 1535, utaikuta. Ilikuwa halali kanisani, ikawa kosa ilipobaki midomoni mwa watu fulani.

Mwaka 2022 kamusi ya Oxford ikatufikia sisi. Iliingiza na kupitia upya karibu maneno 200 ya Kiingereza cha Afrika Mashariki. "Nyama choma" imo. "Sambaza" imo, kwa maana ya kumrushia mwenzako salio la simu, yaani neno lililozaliwa palepale kwenye umaskini wa vocha. Limo tendo la "tarmac", ambalo Wakenya wanalitumia kwa mtu anayezunguka mjini na bahasha ya vyeti akitafuta kazi. "Daladala" imo pia, na hiyo inanipa raha ya pekee. Kwa maelezo tunayoyajua wengi, jina lilitokana na "dala", jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli, na dala ni "dollar". Makonda wakaichukua kwa Waingereza bila kuomba, wakaitumia miaka arobaini ikachakaa vizuri, Oxford wakaja kuichukua tena.

Sasa fikiria mtoto wa kidato cha tatu, leo hii, akiandika kwenye insha ya Kiingereza kwamba alipanda daladala. Nilimuuliza rafiki yangu mmoja anayefundisha sekondari angefanya nini. Alisema, bila kusita, angepiga mstari na kuandika "bus". Nikamwambia liko kwenye kamusi. Akasema, "Kamusi haisahihishi mitihani, ndugu yangu." Sikuwa na jibu. Msahihishaji mwingine akipiga mstari naye, mtoto amepoteza alama, na alama ndiyo shule, na shule ndiyo kazi.

Mwaka jana tulimhamisha mama. Ndani ya sanduku la bati, chini ya khanga na vyeti vya kliniki, nikakuta daftari langu la Kiingereza la 2006. Barua ilikuwepo. Nilikaa sakafuni nikahesabu alama nyekundu, moja moja, nikapata 14.

Tatu zilikuwa za simu: "u", "u" na "b4". Hizo zimezungushiwa duara mara mbili, na pembeni kuna neno "SHAME" kwa herufi kubwa. Nyingine 11 ni mistari mitupu bila maelezo. Nilikuwa nimeandika "discuss about". Nilikuwa nimeandika "luggages". Nilikuwa nimemwita rafiki yangu wa kike "he" katika aya nzima, kwa sababu kichwani mwangu alikuwa "yeye" tu, na Kiswahili hakiulizi yeye ni mwanamume au mwanamke. Hakuna hata moja kati ya hizo 11 iliyotoka kwenye simu, na hakuna hata moja niliyoelezwa. Ile ya "discuss about" nimekuja kuiacha nikiwa kazini, na umri umeshapita miaka 25.

Mama aliniona nacheka peke yangu akauliza ni nini. Nikamsomea barua yote, nikimtafsiria. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huyo rafiki hatimaye alikuja likizo. Nikamwambia hakukuwa na rafiki, mama, lilikuwa zoezi tu la darasani.